Ghala Chini ya Bahari: Kisa cha Rough na Swali la Nani Abebe Gharama ya Akiba ya Gesi

Chukua kipande cha jiwe la mchanga, lile linalofanana na jiwe la kunolea visu, ulidondoshee tone la maji. Tone halitiririki; linanywewa. Jiwe unaloliona gumu limejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo vimeungana. Shughuli nzima ya kuzalisha gesi asilia na kuihifadhi chini ya ardhi imesimama juu ya jambo hilo dogo. Watu wengi wanaposikia “hifadhi ya gesi chini ya bahari” hufikiria pango kubwa au tangi lililozamishwa. Kumbe mara nyingi ni mwamba wa namna hii, uliofunikwa na tabaka lisilopitisha kitu, ambao ulikaa na gesi yake kwa mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kuja na bomba.

Mwamba ninaotaka kuuzungumzia uko chini ya Bahari ya Kaskazini, kilomita 29 hivi kutoka pwani ya mashariki ya Yorkshire, Uingereza, na karibu kilomita 2.7 chini ya sakafu ya bahari. Unaitwa Rough. Gesi yake iligunduliwa mwaka 1968 na ikaanza kuuzwa mwaka 1975. Mwaka 1980, shirika la umma la British Gas liliununua, na mwaka 1985 likaugeuza kuwa ghala: visima vilivyokuwa vikitoa gesi vikaanza pia kuiingiza. Kwa miongo mitatu iliyofuata Rough ilibeba takribani asilimia 70 ya uwezo wote wa kuhifadhi gesi nchini Uingereza, mita za ujazo bilioni 3.3, na siku za baridi kali iliweza kukidhi kiasi cha asilimia 10 ya mahitaji ya nchi nzima.

Hoja ya makala haya ni kwamba kuzalisha gesi na kuhifadhi gesi ni shughuli mbili zenye asili tofauti, hata zinapofanywa na kampuni moja, kwenye jukwaa moja, kwa visima vilevile. Ya kwanza inauza bidhaa. Ya pili inauza uhakika. Bidhaa ina bei kila siku. Uhakika hauna bei mpaka siku unapokosekana. Nchi inayoiachia kampuni iamue peke yake hatima ya ghala kama hilo, kwa kutazama vitabu vyake vya hesabu, itaamua vibaya. Itafanya hivyo hata kama kampuni ni ya watu waadilifu wanaofanya hesabu zao sawasawa.

Ili hoja ieleweke, kwanza tuone jinsi ghala linavyofanya kazi. Katika majira ya joto, watu wanapokuwa hawapashi nyumba moto, gesi hushuka bei. Kampuni huinunua kwenye mtandao wa mabomba, huishindilia kwa kompresa katika kituo cha Easington, huipeleka kwa bomba hadi majukwaani baharini, na kuisukuma mwambani. Baridi ikiingia mtiririko hugeuzwa: gesi hupanda kwa shinikizo lake yenyewe, hukaushwa maji yaliyoshikamana nayo, hurudi pwani na kuuzwa. Faida ya mwenye ghala ni tofauti ya bei kati ya misimu hiyo miwili, ukitoa gharama za kuendesha mitambo.

Lakini si gesi yote iliyomo mwambani inayouzwa. Sehemu kubwa lazima ibaki humo daima ili kulinda shinikizo. Ikiondolewa, ile ya juu haina nguvu ya kupanda, na maji ya chini huanza kusogea mahali pake. Hiyo nitaiita gesi ya msingi. Mkulima anayeweka mahindi katika kihenge anaelewa jambo hili upande upande tu, kwa maana mahindi ya chini hayasukumi ya juu. Mfano ulio karibu zaidi ni mbegu. Familia inaweza kuwa na njaa na mbegu zikawa zinaliwa vizuri kabisa. Anayezila amepata chakula cha wiki moja na amepoteza msimu. Gesi ya msingi ya Rough ilikuwa mali halali, yenye mnunuzi na bei. Ndiyo hasa iliyoleta kishawishi.

Tazama sasa ghala lilivyopita mikononi. British Gas ilibinafsishwa mwaka 1986. Mwaka 1997 ikagawanywa; Rough ikaangukia upande wa kampuni ya BG. Mwaka 2001 BG iliuza biashara yake ya kuhifadhi gesi, Rough pamoja na ghala dogo la Hornsea, kwa kampuni ya Marekani ya Dynegy kwa pauni milioni 421. Mwaka mmoja baadaye Dynegy, ikiwa taabani baada ya kuanguka kwa soko la nishati la Marekani, iliiuza Rough kwa Centrica kwa pauni milioni 304. Mamlaka ya ushindani iliruhusu mauzo hayo kwa masharti, kwa kuwa Centrica ndiyo pia muuzaji mkubwa wa gesi majumbani. Masharti yalilenga kuwalinda wafanyabiashara wengine waweze kukodi nafasi ghalani kwa haki. Suala la ghala lenyewe kuendelea kuwepo halikuwa kiini chake. Katika miaka ile hakuna aliyedhani lingehitaji kulindwa.

Dalili ilikuja mapema. Tarehe 16 Februari 2006 kifaa cha kupozea katika mtambo wa kukausha gesi kwenye jukwaa la Rough kilipasuka. Gesi ikavuja, ikalipuka, jukwaa likashika moto. Hakuna aliyepoteza maisha, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini Uingereza ilipoteza ghala lake kuu baridi ikiwa bado haijaisha. Tarehe 13 Machi mwendeshaji wa mtandao wa mabomba alitoa tahadhari ya upungufu na bei za jumla zikaruka. Kifaa kimoja cha chuma kwenye jukwaa moja kilitosha kuitikisa nchi tajiri. Funzo la kawaida lingekuwa kujenga maghala zaidi, kisha kujiuliza nani atalipia.

Swali hilo lilijibiwa mwaka 2013, na jibu lake linastahili kusomwa kwa makini na kila mtu anayeandika sera za nishati. Machi ya mwaka huo baridi ilichelewa kuondoka na maghala ya Uingereza yakakaribia kukauka. Miezi michache baadaye, Septemba, serikali ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku wala kuweka amri ya kuhifadhi gesi, na ikaeleza kwamba uamuzi huo utawaokolea walaji pauni milioni 750 katika miaka kumi. Hesabu ile haikuwa ya kipuuzi. Nchi ilikuwa na njia nyingi za kupata gesi: bomba la Langeled kutoka Norway, lenye urefu wa kilomita 1,166, ambalo linatua Easington, kijiji kilekile gesi ya Rough inapotua, mabomba ya Ubelgiji na Uholanzi, bandari za gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika. Ukiwa na milango mingi, ghala la nini?

Tatizo ni kwamba milango yote hiyo inafunguka kwa bei. Meli ya gesi huenda kwa anayelipa zaidi, na katika siku ya shida kila nchi jirani inagonga milango ileile. Ghala lililojaa ndilo pekee lenye gesi ambayo bei yake ilishalipwa kabla ya shida kuanza. Hesabu ya pauni milioni 750 ilipima gharama ya ghala katika miaka ya kawaida. Haikupima thamani yake katika mwaka mmoja mbaya, na ni kwa ajili ya mwaka huo mbaya ghala lilijengwa.

Kisha chuma kikazeeka. Methali yetu inasema akiba haiozi. Gesi kweli haiozi, lakini kisima kinaoza. Mabomba ya visima vya Rough yalikuwa yamebanwa na kulegezwa kwa shinikizo mwaka baada ya mwaka tangu 1985, mzigo ambao kisima cha kuzalisha tu hakikutani nao, kwa kuwa shinikizo lake hushuka taratibu upande mmoja hadi mwisho. Mwaka 2015 Centrica ilipunguza shinikizo kwa sababu za usalama. Mwaka 2016 ikaacha kuingiza gesi. Tarehe 20 Juni 2017 ikatangaza kwamba visima na mitambo vimefikia ukomo, kwamba kuvijenga upya hakulipi kwa tofauti ndogo ya bei iliyopo kati ya majira ya joto na ya baridi, na kwamba ghala linafungwa.

Pamoja na tangazo hilo lilikuja jambo la pili, na kwangu hili ndilo zito. Kampuni iliomba ruhusa ya kuizalisha gesi ya msingi na kuiuza. Makadirio yake yalikuwa futi za ujazo bilioni 183, zaidi ya mita za ujazo bilioni 5. Mdhibiti aliridhia mapema mwaka 2018. Ghala likarudi kuwa kitalu cha uzalishaji, na mbegu zikaanza kuliwa.

Sisemi kwamba Centrica ilivunja sheria, wala kwamba ililaghai. Ilikuwa na visima ambavyo haingeweza kuvijaza kwa usalama, wenye hisa waliotaka faida, na serikali iliyokwisha kutamka wazi kwamba haitachangia. Katika hali hiyo mkurugenzi yeyote angeamua vilevile. Lawama iko kwenye utaratibu uliomwachia mkurugenzi uamuzi huo.

Baridi ya kwanza baada ya tangazo haikusubiri. Tarehe 1 Machi 2018, wimbi la baridi kutoka mashariki lilipoifunika Uingereza kwa theluji, mwendeshaji wa mtandao alitoa onyo la upungufu wa gesi na bei za jumla zikapaa kwa siku kadhaa. Watu walisahau upesi. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na katika Agosti bei ya gesi kwenye soko la Uholanzi, ambalo ndilo kipimo cha Ulaya nzima, ilipita euro 300 kwa megawati-saa moja. Kabla ya 2021 bei ya euro 20 ilikuwa ya kawaida. Wakati huo akiba yote ambayo Uingereza iliweza kuihifadhi ilikuwa chini ya asilimia 2 ya matumizi yake ya mwaka. Oktoba serikali ilianza kuwalipia wananchi sehemu ya bili zao, mpango uliogharimu makumi ya mabilioni ya pauni. Na tarehe 28 Oktoba 2022, baada ya majadiliano ya miezi kadhaa na wadhibiti, Centrica ilitangaza kwamba Rough imefunguliwa tena, ikiwa na nafasi ya futi za ujazo bilioni 30, chini ya theluthi moja ya uwezo wake wa zamani. Mwaka uliofuata ikaongezwa hadi bilioni 54.

Hapa lazima nikubali pingamizi moja lenye nguvu. Hata kama Rough ingekuwa imejaa pomoni mwaka 2022, bili za Waingereza zingepanda. Bei huamuliwa na soko la Ulaya nzima, na mita za ujazo bilioni 3.3 haziwezi kuishusha bei ya bara. Wanaosema kwamba kufungwa kwa Rough ndiko kulikoleta bili zile wanakosea. Lakini pingamizi hilo linapima kitu kimoja tu, yaani bei ya wastani ya mwaka. Ghala lina kazi nyingine: kuvuka wiki mbili za baridi kali bila kuzima viwanda, na kumpa mnunuzi wa serikali nafasi ya kukataa bei ya kukaba koo katika siku ambayo asiye na akiba hana la kukataa. Kazi hizo hazionekani katika wastani.

Wajerumani walijifunza jambo hilihili kwa njia nyingine. Wao hawakukosa maghala. Wana nafasi ya takribani mita za ujazo bilioni 24, kubwa kuliko nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya. Walichokosa ni mamlaka juu yake. Ghala lao kubwa kuliko yote, Rehden huko Lower Saxony, lilikuwa mali ya kampuni tanzu ya Gazprom, na katika majira ya joto ya 2021 lilibaki karibu tupu. Kwa mujibu wa sheria za wakati ule mwenye ghala hakuwa na wajibu wa kulijaza. Vita vilipoanza, Bunge la Ujerumani lilipitisha mwezi Machi 2022 sheria ya viwango vya lazima vya ujazo, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka huohuo kwa kuzitaka nchi wanachama zifikishe asilimia 80 kabla ya baridi. Ujerumani ilijaza kwa bei za juu kabisa za mwaka ule, na tozo ya kulipia gharama hiyo iliwekwa katika bili za kila mtumiaji wa gesi kuanzia Oktoba. Akiba iliyonunuliwa siku ya dhiki huwa ghali kupindukia. Hata hivyo kanuni iliyozaliwa ni sahihi: ghala ni mali ya mwenye nalo, lakini ujazo wake ni jambo la umma.

Kuna wanaoweza kusoma hoja hii kama wito wa serikali kujenga maghala kila mahali chini ya bahari. Wakumbuke Castor. Huko Hispania, kilomita 22 hivi kutoka pwani ya Vinaròs, kampuni ilipewa leseni ya kugeuza kitalu cha mafuta kilichochakaa cha Amposta kuwa ghala la gesi, kwa mkataba ulioahidi fidia kama mradi ungeshindwa. Mwaka 2013 ilipoanza kuingiza gesi ya msingi, ardhi ilianza kutetemeka. Matetemeko yalihesabiwa kwa mamia, makubwa yakizidi kipimo cha 4. Mradi ulisimamishwa na serikali ikalipa fidia ya euro bilioni 1.35 kwa ghala ambalo halikuwahi kumpikia mtu hata sufuria moja ya wali. Dhamana ya dola bila uchunguzi wa mwamba ni hatari sawa na mwamba mzuri bila dhamana. Rough ilikuwa na kile ambacho Castor haikuwa nacho, miaka thelathini ya ushahidi kwamba mwamba unakubali kujazwa, na ndiyo maana kuiacha kulikuwa hasara kubwa zaidi.

Kisa chenyewe hakijaisha. Tangu ifunguliwe upya, Centrica imekuwa ikiiambia serikali ya Uingereza kwamba iko tayari kuwekeza pauni bilioni 2 kuikarabati Rough, kwanza kwa gesi asilia na baadaye kwa haidrojeni, endapo itawekewa kiwango cha chini na cha juu cha mapato: ikipata chini ya kiwango ifidiwe, ikipata juu yake irudishe. Mkurugenzi wake mkuu, Chris O’Shea, amelirudia ombi hilo mara nyingi. Makubaliano hayakufikiwa. Tofauti ya bei ya misimu ikasinyaa tena, na mwaka 2025 kampuni ikaeleza kwamba ghala linaendeshwa kwa hasara na haitaendelea kulijaza. Miaka minane baada ya tangazo la kwanza, Uingereza imerudi kwenye swali lilelile, visima vikiwa vimezeeka zaidi na sehemu ya gesi ya msingi ikiwa imeshachomwa.

Msomaji wa pwani yetu atauliza haya yanamhusu nini. Sisi hatuna baridi ya kupasha nyumba. Lakini tuna misimu yetu. Umeme wa Tanzania unategemea maji na gesi, na mvua ndiyo inayoamua kila kimoja kifanye kazi kiasi gani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linapokuwa limejaa, mitambo ya gesi hupunguziwa mzigo. Ukame ukija, kama ulivyokuja mwaka 2015 na tena mwishoni mwa 2022, gesi huhitajika yote kwa mara moja. Kwa sasa tunavuka misimu hiyo kwa kufungua na kufunga visima vya Songo Songo na Mnazi Bay. Yaani kitalu kinachozalisha ndicho pia ghala letu.

Mpango huo unafaa kitalu kikiwa kichanga. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na shinikizo la mwambani limeshuka kiasi kwamba kisiwani zimefungwa kompresa za kuisaidia ifike kwenye bomba. Hiyo ni njia ya kila kitalu. Gesi bado imo, lakini uwezo wa kuitoa nyingi kwa siku moja ya dhiki unapungua kila mwaka. Tunajivunia zaidi ya futi za ujazo trilioni 57 zilizogunduliwa, na sehemu kubwa ya hizo iko bahari kuu, mbali na bomba lolote. Trilioni hizo haziwezi kuwasha taa wiki ijayo.

Itafika siku ambapo mwenye leseni ya kitalu cha zamani atawasilisha hesabu zake na kusema, kwa haki kabisa, kwamba kilichobaki ni kuvuta gesi ya mwisho na kuziba visima. Sheria yetu ya Petroli ya mwaka 2015 inataka uwepo mpango wa kufunga mitambo. Ninachopendekeza ni kwamba, kabla mpango wa namna hiyo haujaidhinishwa, PURA, mdhibiti wa utafutaji na uzalishaji wa petroli, na TPDC, shirika la umma la petroli, ziwe zimeuchunguza mwamba kwa fedha za umma na kujibu kwa maandishi maswali mawili: je, kitalu hiki kinaweza kupokea gesi kutoka vitalu vingine katika miaka ya mvua nyingi, na je, ni kiasi gani cha gesi lazima kibaki chini ili mlango huo usifungwe? Kiasi hicho kitangazwe kuwa cha taifa, na mwenye leseni alipwe thamani yake mapema, wakati bei ingali ya kawaida na hakuna anayetetemeka. Kama jibu la kwanza ni hapana, basi visima vizibwe kwa amani.

Easington, bomba la kutoka Norway bado linatua kila siku. Majukwaa ya Rough yanaonekana kwenye ramani za mabaharia kilomita 29 mbele yake. Uchunguzi wa mwamba wa Songo Songo ugharimu kinachogharimu. Tuufanye wakati kitalu bado kina shinikizo la kupimwa.